Chiasso, mji wa reli kwenye mpaka wa Uswisi na Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kwa wasafiri wa treni kati ya Milano na Zürich, na kwa wanaofuatilia biashara za mipakani. Yameanza na ya msingi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Chiasso iko Uswisi au Italia?

Uswisi. Kinachowachanganya watu ni kwamba lugha ya huko ni Kiitaliano, chakula ni cha Kiitaliano, na ukivuka mpaka kwa miguu unajikuta Ponte Chiasso, mtaa wa mji wa Como ulio Italia. Nyumba za pande mbili zimekaribiana kiasi kwamba bila kibanda cha forodha ungedhani ni mji mmoja.

Kiutawala Chiasso imo katika jimbo la Ticino, wilaya ya Mendrisio, na ina wakazi takriban 8,000. Ndiyo manispaa ya kusini kabisa nchini: ncha ya mwisho ya Uswisi iko Pedrinate, kijiji cha mlimani kilichounganishwa na Chiasso mwaka 1976. Milano iko kilomita 50 hivi kuelekea kusini.

Mji mdogo hivyo umepataje jina kubwa?

Kwa kusimamisha vitu. Kwa miaka mia moja na zaidi, treni iliyotoka kaskazini ilisimama hapo, mizigo ikafunguliwa na kukaguliwa, abiria wakaonyesha karatasi zao, fedha zikabadilishwa. Kila kusimama kulimpa mtu kazi: karani, mpagazi, wakala wa forodha, mwenye hoteli, mwenye duka la kubadilisha fedha. Historia yote ya uchumi wa Chiasso inasomeka vizuri zaidi ukilishika hilo. Kila teknolojia au mkataba uliopunguza kusimama uliwafurahisha wasafiri na kuupunguzia mji riziki, na mji ukatafuta tofauti nyingine kati ya nchi mbili ya kuishi nayo.

Watu wa Ticino wanazungumza Kiitaliano. Waliingiaje Uswisi?

Eneo hili lilitekwa na Waswisi wa milimani zaidi ya miaka 500 iliyopita, likatawaliwa kama miliki hadi Napoleon alipoupanga upya muungano wa Uswisi mwaka 1803 na Ticino ikawa jimbo lenye haki sawa na mengine. Baada ya katiba ya 1848, forodha ikawa kazi ya serikali kuu, na mistari ya ushuru iliyokuwa kati ya jimbo na jimbo ikahamia kwenye mipaka ya nje. Hapo Chiasso ikawa mlango wa taifa zima.

Mlango huo ulifungwa mapema. Mwaka 1853 Austria, iliyokuwa ikitawala Lombardia (eneo la Italia lenye miji ya Milano na Como), iliwafukuza maelfu ya Waticino waliokuwa wakifanya kazi huko na kuuziba mpaka, ikiituhumu Ticino kuwahifadhi wapigania uhuru wa Italia. Kizuizi kilidumu hadi 1855. Waticino wengi wakapanda meli kwenda Australia na Marekani.

## Reli

Reli ilifika Chiasso lini?

Tarehe 6 Desemba 1874, kutoka Lugano. Mwaka 1876 ikaunganishwa na Como kupitia handaki la Monte Olimpino, linaloanza karibu tu na stesheni upande wa kusini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa miaka kadhaa reli hiyo haikuunganishwa na Uswisi nyingine. Ilikuwa kipande cha kusini tu, na kati ya Lugano na Bellinzona ulisimama mlima Ceneri, ambao reli yake ilifunguliwa Aprili 1882. Handaki la Gotthard, lenye urefu wa kilomita 15, lilikamilisha njia mwaka huohuo, na tarehe 1 Juni treni zikaanza kwenda moja kwa moja kutoka kaskazini hadi Chiasso. Kabla ya hapo mzigo uliotoka Zürich ulivuka Alpi kwa magari ya farasi.

Nani aliligharamia handaki la Gotthard?

Nchi tatu. Kwa mikataba ya 1869 na 1871, Italia iliahidi faranga milioni 45, Ujerumani milioni 20 na Uswisi milioni 20. Aliyetoa zaidi si mwenye mlima. Italia ilikuwa ndiyo kwanza imeungana na ilitaka njia ya kwenda kwenye makaa ya mawe na viwanda vya Ujerumani.

Gharama ya watu ililipwa na wengine. Wachimbaji wengi walikuwa Waitaliano, na karibu 200 walikufa katika ajali kazini. Mwaka 1875 waliogoma Göschenen, upande wa kaskazini, walipigwa risasi. Mkandarasi wao, Louis Favre wa Geneva, alifia ndani ya handaki mwaka 1879, miezi michache kabla pande mbili hazijakutana.

Kwa nini treni zililazimika kusimama Chiasso hata baada ya reli kuungana?

Mwanzoni kwa sababu ya forodha na kubadilisha mashirika. Baadaye umeme ukaongeza sababu ya tatu. Uswisi, iliyochoka kuagiza makaa kutoka nje, iliweka umeme kwenye njia ya Gotthard na waya ukafika Chiasso mwaka 1922. Mfumo wake ni volti 15,000 za mkondo geu, hezi 16.7. Italia ilichagua njia yake, na mtandao wake mkuu leo ni volti 3,000 za mkondo mnyoofu. Kichwa cha treni cha Uswisi hakiwezi kuvuta chochote chini ya waya wa Italia, labda kiwe kimetengenezwa kwa mifumo yote miwili.

Kwa hiyo kila treni ilifika, kichwa kikafunguliwa, kingine kikaletwa. Kazi hiyo ilihitaji mafundi, madereva wa pande mbili, watu wa kuunganisha mabehewa, na yadi kubwa ya kupanga mizigo. Kwa mji wenye watu elfu chache, stesheni ilikuwa mwajiri asiye na mshindani. Siku hizi treni za abiria za masafa marefu hubeba mitambo ya mifumo yote miwili na hupita bila kubadilisha kitu. Dakika ambazo abiria wameokoa zilikuwa ajira ya mtu.

Polisi wa Italia wanafanya nini ndani ya stesheni ya Uswisi?

Wanafanya kazi kihalali. Mkataba uliosainiwa Bern tarehe 11 Machi 1961 unaruhusu ofisi za pamoja, yaani maofisa wa nchi moja wakague watu na mizigo wakiwa kwenye ardhi ya nchi nyingine ili msafiri asisimamishwe mara mbili. Aliyevuka Namanga tangu kijengwe kituo cha pamoja cha Kenya na Tanzania ataelewa mara moja. Tofauti ni kwamba Chiasso utaratibu huo uliwekwa ndani ya stesheni ya treni, nusu karne mapema.

Lile ghala la paa la ajabu ni la nani?

Ni la Magazzini Generali, maghala ya forodha ya Chiasso, kwa lugha ya kwetu bandari kavu. Lilisanifiwa na mhandisi Robert Maillart na kujengwa 1924–1925. Paa lake la zege limebebwa na mihimili myembamba iliyopinda kama kamba inayoning'inia, na hakuna pambo hata moja: kila kipande kipo kwa sababu uzito unapita hapo. Wanafunzi wa uhandisi husafiri kuja kuliona. Mimi nalihesabu kuwa jengo zuri kuliko yote mjini, na lilijengwa kwa ajili ya kuwekea magunia.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nini kilipita hapo?

Makaa ya mawe, kwa wingi. Italia ya Mussolini iliishi kwa makaa ya Ujerumani, na Uswisi, ijapokuwa haikufungamana na upande wowote, iliruhusu shehena hizo zipite Gotthard na Chiasso. Silaha na majeshi hazikuruhusiwa. Nchi za Washirika zililalamika, na mapema 1945 Uswisi ikakubali kuubana mno usafirishaji huo.

Watu hawakupita kwa urahisi kama makaa. Baada ya Wajerumani kuikalia Italia ya kaskazini Septemba 1943, Wayahudi na wapinzani wa ufashisti walijaribu kuvuka milima ya eneo hili. Wengine walipokelewa, wengine walirudishwa. Anayejulikana zaidi ni Liliana Segre, leo seneta wa maisha wa Italia. Alikuwa na miaka 13 alipovuka na baba yake Desemba 1943, wakarudishwa na ofisa wa Uswisi huko Arzo, si mbali na Chiasso. Walikamatwa na kupelekwa Auschwitz. Yeye alirudi, baba yake hakurudi.

Ni kweli kwamba wafanyakazi Waitaliano walivuliwa nguo stesheni?

Kweli. Uswisi ya baada ya vita ilihitaji vibarua wa ujenzi, hoteli na viwanda, na mwaka 1948 ikatiliana saini na Italia mkataba wa kuwaajiri. Waliokuja walishushwa mpakani, Chiasso kwa njia ya Gotthard na Brig kwa njia ya Simplon, wakapimwa afya. Walipangwa kwa makundi, wakavua nguo, wakapigwa eksirei ya kifua ili kutafuta kifua kikuu. Aliyeonekana mgonjwa aliweza kurudishwa kwao palepale. Kwa familia nyingi za Kiitaliano, hasa za kusini, jina Chiasso bado lina maana ya chumba hicho.

Kibali cha msimu hakikuruhusu kuleta mke wala watoto. Ndiyo maana Uswisi ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na watoto waliofichwa majumbani, waliokatazwa kucheza nje wasije wakaonekana na majirani.

## Fedha, mizigo na magendo

Mji ulipata wapi mapato yake hasa enzi za neema?

Kwa mawakala wa forodha. Mzigo kutoka Ujerumani kwenda Milano ulihitaji mtu wa kuandika tamko, kukokotoa ushuru, kuweka dhamana, kugomboa na kupakia upya. Ofisi za namna hiyo zilijaa katika mitaa inayoizunguka stesheni, na kijana aliyemaliza shule ya biashara hakuhitaji kutoka mjini kutafuta kazi.

Barabara ilipochukua sehemu ya mizigo ya reli, kazi ilihama mita mia kadhaa tu. Barabara kuu ya A2 ilifika mpakani miaka ya 1960 na kituo cha malori cha Brogeda kikakua. Handaki la barabara la Gotthard, lililofunguliwa 1980, likaongeza malori maradufu. Kilichoiumiza kazi hii ni kompyuta, pamoja na soko la pamoja la Ulaya lililofuta ushuru kati ya nchi wanachama. Uswisi si mwanachama, kwa hiyo tamko la forodha lingalipo, lakini linajazwa kwa mtandao, na anayelijaza anaweza kukaa popote.

Magendo yalikuwa sehemu ya uchumi?

Tena sehemu kubwa, na kwa upande wa Uswisi nusu yake ilikuwa halali. Kahawa, sukari na sigara zilikuwa rahisi Uswisi na ghali Italia, ambako serikali ilitoza ushuru mkubwa na kushikilia biashara ya tumbaku. Mfanyabiashara wa Ticino aliuza bidhaa zake kihalali kabisa na kulipia kodi. Kosa lilianza pale mnunuzi alipouvuka mpaka usiku.

Wavushaji waliitwa *spalloni*. Walibeba mgongoni mizigo ya kilo 30 na zaidi iliyoshonwa kwa gunia, wakivaa viatu vya magunia ili hatua zisisikike. Italia iliweka uzio wa nyavu wenye kengele ndogo kando ya mpaka, nao wakaukata. Mwishoni mwa vita mkondo uligeuka: Uswisi ilikuwa na mgao wa chakula, na mchele wa bonde la mto Po, Italia ya kaskazini, ukaanza kupanda mlima kuelekea kaskazini. Lira iliposhuka thamani miaka ya 1970, biashara ya mgongoni ikafa. Kilichoendelea kuvuka ni noti, zikielekea upande mmoja.

Kashfa ya Chiasso ya 1977 ilikuwa nini?

Ni tukio lililoufanya mji ujulikane hata kwa wasiojua reli. Italia ya miaka ya 1970 ilikuwa na mfumuko wa bei, utekaji nyara na hofu ya kisiasa. Matajiri walipakia fedha kwenye mabuti ya magari na kuzipeleka benki ya kwanza iliyokuwa ng'ambo ya mpaka. Kufa kufaana: tawi la Schweizerische Kreditanstalt, benki iliyokuja kuitwa Credit Suisse, likawa na fedha nyingi kupita ukubwa wa mji.

Wakuu wa tawi walikuwa wakizielekeza fedha za wateja kwenye kampuni iitwayo Texon, iliyosajiliwa Liechtenstein, badala ya kuziingiza kwenye vitabu vya benki. Texon ikazitia katika biashara za Italia, zikiwemo mvinyo na utalii, ambazo nyingi zilikuwa zikipata hasara. Siri ilipofichuka Aprili 1977, zaidi ya faranga bilioni 2 zilikuwa zimepitia njia hiyo, na hasara ya benki ilizidi bilioni moja.

Matokeo yake yapo hadi leo. Mwaka huohuo mabenki ya Uswisi na Benki Kuu walisaini makubaliano yanayomlazimu mwenye benki kujua mteja wake ni nani na fedha ni za nani. Kila unapojaza fomu ndefu ya utambulisho unapofungua akaunti, popote duniani, unagusa utaratibu ambao moja ya mizizi yake iko kwenye mtaa wa Chiasso. Siri ya kibenki yenyewe ilipona: pendekezo la kuibana lilipelekwa kwa wapigakura Mei 1984, likakataliwa kwa asilimia 73.

Fedha za Waitaliano bado zimejificha huko?

Si kama zamani. Italia ilitoa misamaha ya kodi kwa waliorudisha mali, mkubwa zaidi ukiwa wa 2009–2010. Kisha Uswisi ikakubali kubadilishana taarifa za akaunti moja kwa moja: ukusanyaji ulianza 2017 na ubadilishanaji 2018. Matawi ya benki yaliyokuwa kando ya mpaka kwa ajili ya mteja anayekuja na begi yamepungua.

Kwa nini viwanda vya kusafisha dhahabu vimerundikana eneo hili?

Ndani ya kilomita chache kutoka Chiasso kuna viwanda vitatu kati ya vikubwa duniani: Valcambi huko Balerna, Argor-Heraeus huko Mendrisio na PAMP huko Castel San Pietro. Argor ilianzishwa Chiasso kwenyewe mwaka 1951. Sababu ni zilezile za mpakani: masonara wa Italia walikuwa wateja wakubwa waliokuwa jirani, benki za Uswisi zilikuwa na fedha na vyumba vya chuma, na reli ilikuwa mlangoni.

Hapa kuna uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki na Kati. Novemba 2013 mwendesha mashtaka wa shirikisho alifungua uchunguzi dhidi ya kimojawapo cha viwanda vya eneo hili kuhusu dhahabu iliyoporwa Ituri, Kongo, wakati wa vita, ikapitia Uganda na kusafishwa Uswisi mwaka 2004 na 2005. Uchunguzi ulifungwa 2015: ilionekana dhahabu hiyo ilisafishwa kweli, lakini haikuthibitika kwamba kampuni ilijua imetokana na uporaji. Walioleta malalamiko hawakuridhika, na binafsi naona wana hoja.

## Watu wanaovuka kila siku

Frontalieri ni akina nani?

Ni wakazi wa Italia wanaofanya kazi Uswisi na kurudi kwao jioni, wakiwa na kibali cha daraja G. Ticino ina karibu 80,000, yaani takriban theluthi moja ya wote walioajiriwa jimboni. Wamo viwandani, madukani, maofisini na hospitalini. Mwaka 2020 korona ilipoifunga mipaka midogo, wao waliachiwa wapite, kwa kuwa bila wauguzi wao hospitali za Ticino zisingefanya kazi.

Wenyeji wanawapenda?

Inategemea unamuuliza nani. Mwenye kiwanda anawapenda, kwa kuwa mshahara ambao kwa Como ni mnono, kwa Lugano haulipi kodi ya nyumba. Kijana wa Chiasso anayeshindana naye kwa kazi hiyohiyo ana maoni mengine. Februari 2014 pendekezo la kuzuia uhamiaji wa wingi lilipita kitaifa kwa kama nusu tu ya kura, lakini Ticino lilipata asilimia 68, kiwango cha juu kuliko majimbo yote. Mwaka uliofuata wapigakura wa Ticino walikubali kima cha chini cha mshahara, jambo lisilo la kawaida Uswisi, na sheria yake ikaanza 2021 kwa faranga 19 kwa saa.

Wanalipa kodi wapi?

Kwa mkataba wa 1974 walilipa Uswisi peke yake, na Ticino ikarudisha asilimia 38.8 ya makato kwa manispaa za Italia wanakotoka. Mkataba mpya ulianza kutumika tarehe 17 Julai 2023. Aliyeanza kazi baada ya hapo hukatwa Uswisi asilimia 80 ya kodi ya kawaida, kisha hutozwa Italia na kupunguziwa kile alichokwisha kulipa. Wa zamani wanabaki na utaratibu wao hadi wastaafu. Mantiki yake ni wazi: faida ya kuvuka mpaka itapungua polepole, kizazi kwa kizazi.

Nani anaenda kununua upande gani?

Mafuta yaliwaleta Waitaliano Chiasso kwa miongo, na ndiyo sababu mji mdogo una vituo vya mafuta vingi namna hiyo. Lombardia ikaanzisha kadi ya punguzo kwa wakazi wa karibu na mpaka ili wabaki kwao. Nyama, jibini na mboga zinakwenda kinyume: Waswisi wananunua Como. Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha kuishikilia faranga dhidi ya yuro, faranga ilipanda kwa siku moja na wenye maduka wa Chiasso wakahisi kama wamegongwa na lori. Serikali ya Uswisi ilijibu kwa kuchelewa: tangu 1 Januari 2025 mtu anaweza kuingiza bidhaa za faranga 150 bila kulipa VAT, badala ya 300. Nyama isiyolipiwa ushuru haizidi kilo moja kwa kila mtu.

Ni kweli mji ulikubali kulipwa kodi kwa Bitcoin?

Ndiyo, kuanzia 2018, kwa kiasi kisichozidi faranga 250. Mji ulitaka kuvutia kampuni za sarafu za kidijitali. Lilikuwa tangazo zaidi kuliko chanzo cha mapato.

## Reli ya leo

Mahandaki mapya yameusaidia mji?

Yamemsaidia abiria. Handaki la chini la Gotthard, lenye kilomita 57, lilifunguliwa Juni 2016, na la Ceneri, kilomita 15.4, Septemba 2020. Zürich hadi Milano sasa ni saa tatu na robo hivi. Agosti 2023 treni ya mizigo iliacha reli ndani ya Gotthard, na handaki halikurudi katika hali yake kamili hadi Septemba 2024.

Kwa Chiasso jibu ni gumu zaidi. Wanaopita ni wengi, wanaoshuka si wengi. Kilichousaidia mji zaidi ni treni za karibu za TILO, kampuni iliyoanzishwa 2004 na sasa ya FFS, shirika la reli la Uswisi, na Trenord, kampuni ya treni ya Lombardia, kwa nusu kwa nusu. Hizo hubeba wafanyakazi na wanafunzi kati ya Ticino, Como na Milano siku nzima.

Na mizigo?

Mingi ya ile inayobebwa na reli haifunguliwi tena Chiasso. Kontena na trela hupakiwa kwenye treni kaskazini mwa Ulaya na kushushwa Italia, hasa kwenye kituo cha Busto Arsizio-Gallarate, na kwa sehemu kubwa hupitia Luino au Domodossola, miji mingine ya karibu na mpaka, bila hata kuuona mji. Ajabu ni kwamba kampuni inayoongoza biashara hiyo, Hupac, ilianzishwa Chiasso mwaka 1967 na makao yake makuu bado yako hapo. Treni zinapita kwingine, ofisi imebaki.

Malori nayo hayajaisha, licha ya kura ya 1994 iliyoagiza mizigo inayokatiza Alpi ihamie kwenye reli. Uswisi hairuhusu malori makubwa barabarani kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala Jumapili, kwa hiyo foleni ya Brogeda ina saa zake.

## Kwa wasafiri, na mengineyo

Nina viza ya Schengen iliyotolewa na Italia. Naweza kuingia Chiasso?

Ndiyo, maadamu haijaisha muda wala siku zake. Uswisi iko ndani ya Schengen tangu Desemba 2008, na hakuna ukaguzi wa pasi wa kudumu kwenye treni. Lakini haiko katika umoja wa forodha wa Ulaya, hivyo maofisa wa forodha wana haki ya kupanda treni, kuuliza ulichobeba na kutazama hati zako. Beba pasipoti yenyewe, si nakala. Ukitumia laini ya simu ya Italia, hakikisha bei ya huduma ya nje: Uswisi haimo katika mpango wa Umoja wa Ulaya, na simu yako itashika mnara wa Uswisi kabla hujasimama kwenye kiti.

Fedha taslimu kiasi gani zinahitaji kutangazwa?

Ukiingia au kutoka Italia na yuro 10,000 au zaidi, lazima utoe tamko bila kuulizwa. Upande wa Uswisi, ofisa akikuuliza na umebeba kuanzia faranga 10,000, unalazimika kueleza ni za nani, zimetoka wapi na zinakwenda wapi.

Mwaka 2016 kulitokea nini kati ya Como na Chiasso?

Mamia ya wahamiaji, wengi wao kutoka Eritrea, Ethiopia, Somalia na Afrika Magharibi, walilala kiangazi kizima kwenye bustani iliyo mbele ya stesheni ya Como San Giovanni. Walikuwa wakijaribu kupita Uswisi, wengi wakielekea Ujerumani, na walipofika Chiasso walishushwa kwenye treni na kurudishwa. Uswisi ilisema inamrudisha asiyeomba hifadhi kwake. Mashirika ya haki za binadamu yalisema hata watoto wasio na wazazi walirudishwa bila kusikilizwa. Kutoka Como hadi Chiasso treni huchukua dakika tano.

Na wale Wajapani wenye dhamana za mabilioni?

Juni 2009 polisi wa fedha wa Italia waliwasimamisha Wajapani wawili stesheni ya Chiasso. Chini ya sanduku mlikuwa na dhamana za serikali ya Marekani zenye thamani, kwa maandishi, ya dola bilioni 134.5: vipande 249 vya dola milioni 500 na kumi vya bilioni moja. Marekani ilisema ni bandia. Uvumi ulizunguka mtandaoni kwa miezi kwamba ni njama ya serikali fulani, ingawa hesabu yenyewe ilitosha kumtia mtu shaka.

Timu ya mpira bado ipo?

FC Chiasso, iliyoanzishwa 1905, ilitangazwa kufilisika Januari 2023. Anayetaka kitu cha kuona mjini aende m.a.x. museo, jumba la sanaa ya michoro lililofunguliwa 2005 na kupewa jina la Max Huber, msanifu wa michoro wa Kiswisi aliyefanya kazi Milano. Linafikika kwa miguu kutoka stesheni.